Mzazi wa Mzinga aambiwe yote kuhusu chanjo na moyo wa mtoto

Baadhi ya chanjo za UVIKO-19 zimewahi kuwasababishia vijana, hasa wa kiume, uvimbe wa misuli ya moyo. Hilo ni kweli. Limethibitishwa na mamlaka za afya za nchi zilizochanja vijana kwa mamilioni, na limeandikwa kwenye maelezo rasmi ya chanjo hizo tangu katikati ya mwaka 2021. Naliweka mwanzoni kwa makusudi, kwa kuwa katika mjadala wetu ukweli huu umeachwa mikononi mwa wapinzani wa chanjo. Wao huutaja kila siku, wakiuchanganya na uongo mwingi; watu wa afya nao huuruka, wakihofia kuwatia watu woga. Mzazi aliyeko Mzinga, pale Morogoro chini ya Uluguru, husikia upande mmoja kwenye simu yake na upande wa pili kwenye kipaza sauti cha gari la matangazo. Hakuna anayemweleza ni chanjo ipi inayosemwa, iliwadhuru akina nani, kwa kiasi gani, na binti yake wa shule ya msingi anahusika vipi. Msimamo wangu ni kwamba mzazi huyo aambiwe yote kabla ya sindano, pamoja na yale ambayo mchanjaji angependa yasitajwe. Morogoro ina sababu zake za kulidai jambo hili kuliko mikoa mingi, na nitazifikia.

Tuangalie kwanza kilichotokea. Israel ilianza kuchanja mapema na kwa kasi, ikitumia chanjo ya Pfizer, na kufikia katikati ya mwaka 2021 madaktari wake walikuwa wameona vijana wanaofika hospitali na maumivu ya kifua siku chache baada ya dozi ya pili. Juni mwaka huohuo Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilisema uhusiano unaelekea kuwapo. Mwisho wa mwezi huo Marekani iliongeza onyo kwenye maelezo ya chanjo za Pfizer na Moderna. Takwimu zilizochapishwa baadaye ziliweka picha wazi. Huko Israel, kwa wavulana wa miaka 16 hadi 19, mmoja kati ya 6,637 aliugua baada ya dozi ya pili. Marekani walihesabu wagonjwa kama 106 kwa kila dozi milioni moja za pili za Pfizer walizopewa wavulana wa miaka 16 na 17, na kama 71 kwa wale wa miaka 12 hadi 15. Kwa wasichana idadi ilikuwa ndogo zaidi, na kwa wazee ilikuwa ndogo mno. Kwa nini jambo hili halikuonekana kwenye majaribio? Jibu ni hesabu tu. Jaribio la Pfizer kwa watoto wa miaka 12 hadi 15 lilikuwa na washiriki 2,260, na karibu nusu yao ndio waliopata chanjo yenyewe. Tatizo linalompata mmoja kati ya elfu kumi haliwezi kuonekana katika kundi la elfu moja. Litaonekana watu wengi wakishachanjwa, na litaonekana tu ikiwa kuna anayehesabu.

Ugonjwa wenyewe huanza hivi: siku ya pili au ya tatu baada ya sindano, kijana husikia kifua kinambana, pumzi inakuwa fupi, au moyo unadunda kwa kasi hata akiwa amekaa. Hospitali humpima umeme wa moyo, na huangalia kwenye damu kiwango cha troponini, protini inayovuja pale misuli ya moyo inapoumia. Wengi waliolazwa walitibiwa kwa dawa za kutuliza uvimbe na mapumziko, wakaruhusiwa baada ya siku chache, kisha wakazuiwa kucheza mpira au kukimbia kwa miezi kadhaa. Marekani ilipowafuatilia vijana hao baada ya angalau siku 90, madaktari wao walisema karibu wanane kati ya kila kumi walikuwa wamepona kabisa. Hao wawili waliobaki ndio wanaosahauliwa na wanaosema tatizo hili ni dogo. Baadhi walikuwa bado na maumivu, na wengine picha za moyo zilionyesha alama ambazo madaktari wanaendelea kuzifuatilia. Kusema kwamba wengi walipona ni haki. Kusema halikuwa jambo la maana si haki.

Jibu tunalolisikia mara nyingi ni kwamba virusi vya UVIKO-19 vyenyewe huuumiza moyo kuliko chanjo. Kwa watu wengi ni sahihi. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uliotazama karibu watu milioni 43, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kundi moja ambalo kauli hiyo haisimami. Kwa wanaume wa chini ya miaka 40, dozi ya pili ya Moderna ilihusishwa na wagonjwa 97 wa ziada kwa kila milioni, wakati maambukizi yenyewe yalihusishwa na 16. Takwimu kama hizi zilifanya serikali kadhaa zibadili utaratibu. Oktoba 2021 Sweden ilisitisha Moderna kwa vijana. Septemba mwaka huo kamati ya wataalamu wa chanjo ya Uingereza ilikataa kupendekeza chanjo kwa watoto wote wa miaka 12 hadi 15, ikisema faida kwa afya yao inazidi hatari kwa kiasi kidogo mno. Siku kumi baadaye maofisa wakuu wa tiba wa nchi hiyo wakapendekeza dozi moja. Hong Kong nayo iliwapa vijana dozi moja badala ya mbili. Huko Ontario, Kanada, ilionekana kuwa dozi mbili zikipewa nafasi ya wiki nane au zaidi, tatizo hupungua. Hakuna serikali kati ya hizi iliyotangaza kwamba chanjo zote ni sumu. Zilitazama umri, jinsia, aina ya chanjo na idadi ya dozi, zikaamua. Ndivyo kazi hii inavyotakiwa kufanywa, na umma uliiona ikifanywa.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania ilizindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani jijini Dar es Salaam kwa chanjo ya Johnson & Johnson. Kampeni ililenga watu wa miaka 18 na kuendelea. Majirani walienda mbali zaidi: Kenya na Rwanda ziliwachanja vijana wa chini ya umri huo kwa Pfizer kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021. Kwa hiyo mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ya kata pale Mzinga hakulengwa na kampeni hiyo, na chanjo iliyoanza kuja kwetu haikuwa mojawapo ya zile mbili zilizobeba sehemu kubwa ya tatizo la moyo, ingawa nayo ilikuwa na tahadhari yake ya damu kuganda kwa nadra. Hilo peke yake lingetosha kumtuliza mzazi. Lakini uvumi hausomi maelezo ya dawa. Picha za wachezaji wanaoanguka uwanjani, zilizosambazwa kwa maelezo kwamba ni kazi ya chanjo, zilivuka mipaka yote ya umri na ya aina za chanjo. Hata Christian Eriksen, aliyeanguka Juni 2021 akiichezea Denmark, alitajwa, wakati kiongozi wa klabu yake ya Inter alikwisha kusema kwamba hakuwa amechanjwa. Mashabiki wa soka wa rika langu wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyefia uwanjani huko Lyon mwaka 2003, miaka mingi kabla ya UVIKO kusikika. Mioyo ya vijana imekuwa na maradhi yake siku zote.

Mshindo wa uvumi huo umeiangukia chanjo nyingine. Chanjo ambayo msichana wa Mzinga anapewa shuleni ni ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, yaani HPV. Ilianza nchini Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili, na Aprili 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uamuzi wa dozi moja una mchango wa Watanzania: huko Mwanza wasichana 930 wa umri huohuo walishiriki utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu, na miaka miwili baadaye zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya aina mbili za virusi zinazosababisha saratani nyingi. Sababu ya kuchanja haihitaji kupigiwa debe. Kwa makadirio ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 10,000 nchini waligundulika na saratani hii mwaka huo, na zaidi ya 6,500 walifariki. Wanaougua ni akina mama walio katikati ya malezi, na wengi wao hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa.

Je, chanjo ya HPV inagusa moyo? Swali hili limeulizwa rasmi, na lina jibu. Nchini Denmark na Japan, wasichana kadhaa walilalamika kizunguzungu, uchovu wa muda mrefu na mapigo ya moyo kwenda mbio kila wanaposimama. Mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilichunguza na kutoa jibu Novemba 2015: hali hiyo ya mapigo kwenda mbio huwapata takribani wasichana 150 kati ya kila milioni kwa mwaka katika umri huo, wachanjwe wasichanjwe, na hakukuwa na dalili kwamba waliochanjwa huipata zaidi. Mjini Nagoya, Japan, watafiti walikusanya majibu ya karibu wasichana 30,000 kuhusu dalili 24, wakakuta waliochanjwa na wasiochanjwa hawatofautiani. Kinachotokea kweli, na kwa wingi kiasi, ni kuzimia. Msichana anayeogopa sindano, aliyesimama juani kwenye foleni, tena hajala, anaweza kuanguka dakika chache baada ya kuchomwa, na akianguka mmoja wenzake humfuata. Ndiyo maana utaratibu unataka mtoto akae kwa dakika 15 baada ya sindano. Huko El Carmen de Bolívar, Colombia, mwaka 2014, mamia ya wasichana walizimia na kupelekwa hospitali kwa mtindo huo, video zikasambaa, na kampeni ya nchi nzima ikaporomoka. Sindano haikuwa imewaumiza mioyo. Walikuwa na hofu, na kuzimia kwa hofu ni kuzimia kweli.

Hapa ndipo Morogoro inapoingia. Mwaka 2008 ghasia zilizuka katika shule kadhaa za msingi mkoani humu baada ya wanafunzi kupewa dawa za kichocho na minyoo. Watoto waliumwa tumbo, wakapata kizunguzungu na kutapika. Wazazi wakakimbilia shuleni wakiamini watoto wamelishwa sumu. Mwanaanthropolojia Julie Hastings, aliyefanya utafiti Morogoro baadaye na kuuchapisha mwaka 2016, alikuta uvumi wa kila namna: dawa ni mbovu, dawa ni bandia, dawa hazijajaribiwa, dawa ni za kuwafunga watoto kizazi. Ajabu ni kwamba maumivu yale yanajulikana na yamo katika maelezo ya dawa yenyewe. Dawa ya kichocho huleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu, hasa ikimezwa bila chakula, na kwa mtoto mwenye minyoo wengi huzidi. Mzazi aliyeelezwa jana yake kwamba mtoto anaweza kuumwa tumbo kwa saa kadhaa, na kwamba amlishe kabla ya kwenda shule, angemwona mtoto anajikunja akamwambia alale, itapita. Asiyeelezwa chochote alimwona mtoto anajikunja, akaona sumu. Nami sioni kosa katika fikira zake. Mtu amempa mwanao kidonge bila kukueleza, mtoto kaanguka, wewe ungefikiri nini?

Sikusudii kusema kichocho na HPV ni jambo moja. Kidonge si chanjo, na tumbo si moyo. Lakini aliyesikilizwa na asiyesikilizwa katika kisa kile ni walewale wa leo: mwalimu anayeagizwa kusimamia kazi asiyoifahamu vizuri, mzazi anayepata habari baada ya tukio, na ofisi inayodhani kutaja madhara ni kujiletea balaa. Kwa wakazi wa kando ya mto Mzinga, unaoteremka kutoka Uluguru hadi bwawa la Mindu, kichocho ni ugonjwa wanaoujua, na dawa yake ni nzuri. Hata hivyo ilikataliwa. Ubora wa dawa haukusaidia kitu mahali ambapo maelezo hayakutangulia.

Watu wa afya wana hoja nzito ya kujibu, na isipuuzwe. Wanasema: ukimwambia mama wa Mzinga kwamba kuna chanjo iliyowahi kuvimbisha mioyo ya vijana, hata ukiongeza kwamba si hii, atakachokumbuka ni moyo na chanjo, na binti hatamleta. Hofu hiyo ina ushahidi. Mwaka 2021 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio lililohusisha zaidi ya watu 13,000 wa Denmark na Marekani. Walioelezwa kasoro za chanjo kwa uwazi walipunguza kidogo utayari wa kuchanjwa. Ni kweli, basi, kwamba ukweli una gharama. Lakini jaribio hilohilo lilikuta mambo mengine mawili. Waliopewa maelezo ya wazi waliongeza imani kwa mamlaka za afya, na waliopewa maneno matamu yasiyo na maana hawakuwa tayari zaidi kuchanjwa. Walipungukiwa imani na kuzidi kuamini njama. Kwa hiyo anayeficha hapati hata ile faida aliyoifuata. Anapoteza imani leo, na kesho anapokuja na chanjo nyingine anakuta mlango umefungwa. Denmark yenyewe ililiona hilo. Baada ya kipindi cha televisheni cha mwaka 2015 kuonyesha wasichana waliodai kuumizwa na HPV, uchanjaji ulishuka kutoka karibu asilimia 90 hadi kama asilimia 40. Haukupanda kwa kuwakemea wazazi. Mwaka 2017 mamlaka ya afya, chama cha saratani na chama cha madaktari viliungana na kuanza kujibu maswali ya wazazi moja baada ya jingine, kwa upole, na idadi ikarudi kupanda. Japan ilifanya kinyume chake. Juni 2013 serikali iliacha kuipendekeza chanjo, ikakaa kimya bila kuifuta na bila kuitetea, na uchanjaji ukashuka kutoka kama asilimia 70 hadi chini ya asilimia moja. Ilianza tena kuipendekeza Aprili 2022, karibu miaka tisa baadaye.

Upande wa pili una swali lake: kama moyo wa kijana unaweza kuumizwa na chanjo, hata mmoja kati ya elfu kumi, kwa nini tuchanje watoto? Swali hili hukosea pale linapozifanya chanjo zote kuwa kitu kimoja. Chanjo ya HPV haitumii teknolojia ya zile za Pfizer na Moderna. Ina maganda matupu ya virusi yasiyoweza kuambukiza, na imechomwa kwa mamia ya milioni ya dozi duniani tangu mwaka 2006 bila kuonyesha tatizo hili. Kisha lipo jambo ambalo wanaohofia moyo hawalisikii: ziko chanjo zinazoulinda moyo. Dondakoo huua kwa sumu yake inayodhoofisha misuli ya moyo, na chanjo yake mtoto hupewa kliniki akiwa mchanga. Rubella ikimpata mama mjamzito katika miezi ya mwanzo, mtoto anaweza kuzaliwa na tundu au mshipa uliobana kwenye moyo, pamoja na uziwi na mtoto wa jicho. Ndiyo sababu mwaka 2014 Tanzania iliwachanja watoto kuanzia miezi tisa hadi chini ya miaka 15 dhidi ya surua na rubella. Na kama kweli tunahangaikia mioyo ya vijana wa Morogoro, basi tuulize pia kuhusu mafindofindo. Maambukizi ya koo yasiyotibiwa kwa penisilini huweza kuzaa homa ya rumatiki, na homa hiyo ikijirudia huharibu vali za moyo. Wapo vijana wa Tanzania wanaofikishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wakiwa na vali zilizokwisha kukunjamana kwa sababu ya koo lililowahi kuuma miaka iliyopita. Kwao hakuna video inayosambaa.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, na wapinzani wa chanjo wana haki kubwa ndani yake. Wanasema: Israel na Marekani ziliona tatizo kwa kuwa zina vipimo na kumbukumbu, sisi tukiwa na tatizo lile, nani angeliona? Zahanati ya kata kwa kawaida haina mashine ya kupima umeme wa moyo, na kijana mwenye maumivu ya kifua anaweza kurudishwa nyumbani na dawa ya vidonda vya tumbo. Fanya hesabu: tatizo linalompata msichana mmoja kati ya 10,000, katika zahanati inayochanja wasichana 100 kwa mwaka, litaonekana mara moja katika miaka 100. Mganga wa zahanati hiyo atasema kwa dhati kabisa kwamba hajawahi kuona madhara, na atakuwa mkweli, na kauli yake haitathibitisha lolote. Tatizo la nadra huonekana pale tu taarifa za zahanati zote zinapokusanywa mezani pamoja. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina jukumu hilo la kupokea taarifa za madhara ya dawa na chanjo. Lakini taarifa hufika pale mtu anapoitoa, na mtu huitoa pale anapojua cha kuangalia na anapoamini hataadhibiwa kwa kuitoa. Muuguzi anayeogopa kwamba kuripoti msichana aliyezimia kutamfanya aonekane ameharibu kampeni, ataacha. Mzazi asiyejua kwamba maumivu ya kifua siku ya tatu ni jambo la kuripotiwa, ataenda kwa mganga wa kienyeji au ataandika kwenye kundi la WhatsApp, na huko ndiko itakakobaki. Kwa hiyo kumweleza mzazi si hisani tu. Mzazi aliyeelezwa ndiye jicho la kwanza la mfumo mzima, na bila yeye hata TMDA haioni kitu.

Ndiyo maana nakataa kuridhika na ile kauli ya kawaida kwamba kuna maudhi madogo madogo, mkono kuuma na homa kidogo, basi. Ni kweli kwa wasichana walio wengi. Lakini karatasi ya mzazi inatakiwa kuandika pia kwamba binti anaweza kuzimia, kwa hiyo ale asubuhi na akae baada ya sindano; kwamba mara chache sana mwili wa mtu huweza kuikataa chanjo kwa kuvimba uso na kushindwa kupumua, na mchanjaji ana dawa ya kumsaidia palepale; kwamba tatizo la uvimbe wa moyo wanalolisikia ni la kweli, lilitokana na chanjo nyingine, ya ugonjwa mwingine, na liliwapata zaidi wavulana; na kwamba maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio baada ya chanjo yoyote ni sababu ya kwenda hospitali na kutaja kwamba mtoto amechanjwa lini. Iandikwe na namba ya kupiga. Tena isipelekwe kwa baba na mama tu. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, neno la mjomba kuhusu mtoto lina uzito wake, na bibi mzaa mama hasahauliki. Mkutano wa kijiji au mtaa usiomhusisha mjomba unaweza kupitisha jambo ambalo jioni hiyohiyo linavunjwa nyumbani.

Kazi hii haihitaji wafadhili wala mashine. Inahitaji ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kueleweka, mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyeusoma na anayeweza kujibu maswali, mwalimu asiyeachwa gizani, na TMDA kuchapisha kila mwaka, kwa Kiswahili, taarifa ngapi za chanjo za wanafunzi ilizipokea na ilikuta nini. Mkoa uliowahi kuona wazazi wakivamia shule kwa sababu ya tumbo la kichocho hauna kisingizio cha kusema haukujua. Halmashauri ya Manispaa ya Morogoro inaweza kuuchapisha ukurasa huo kabla ya awamu ijayo ya chanjo shuleni, na ianzie Mzinga.